Nyaya za Fundi Kassim na Nguo Nilizozivisha

Wenzangu mliobaki na ile mitambo, salaam. Nimestaafu, na mstaafu ana ruhusa moja ambayo mwajiriwa hana: anaweza kusema kweli bila kuitwa ofisini. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vya hotelini mnavijua wenyewe, leo unaitwa msimamizi wa burudani, kesho unaambiwa shika huko tubebe viti. Nitasema habari za nyaya, kwa kuwa ndizo zilizonipa jina kuanzia Waa hadi Msambweni, na jina lenyewe, mtaona, halikuwa langu lote.

Siku ya kwanza nilifika kazini Diani nimevaa shati la kuazima na viatu vya kaka yangu, nikidhani fundi wa sauti ni mtu anayekaa nyuma ya mashine yenye vitufe vingi akitikisa kichwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Redio nilikuwa nimesomea kwa mtu ambaye naye alisomea kwa mtu. Wakanipeleka kwenye kibanda nyuma ya jiko, kati ya mitungi ya gesi na pipa la makombo, na ndani nikamkuta mtu mzima wa makamo, kikoi kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya masikio. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akavitazama viatu vyangu kwa utulivu, kisha akaniuliza nimekuja kazini au nimekuja kuposa.

Huyo ndiye Fundi Kassim Mwachambi, mtu wa Bodo. Kwao walikuwa wafuma nyavu, baba na babu na wajomba wote, lakini yeye bahari ilimkataa. Alikuwa akitapika hata chombo kikiwa kimefungwa. Basi akaingia kwenye redio, akabaki na mikono ya kwao tu. Kazi yake hotelini ilikuwa moja, kutengeneza nyaya, na haikuisha hata siku moja, kwa sababu pwani yetu hii haipendi waya. Chumvi inakula shaba, mchanga unaingia kwenye jeki, ile ncha ya chuma ya kuchomekea, mgeni anatoka kwenye kaunta ya vinywaji akiwa na miguu minne badala ya miwili anajikwaa, na mwimbaji anayelipwa kuimba anaamua kuuzungusha waya wa maikrofoni hewani ili wanawake wampigie vigelegele. Kesho yake asubuhi waya unaletwa kibandani kama maiti, na aliyeuua anaulizia chai.

Nitawaambia kwanza yaliyo rahisi. Waya wa maikrofoni una nyuzi mbili ndani, na wavu mwembamba wa shaba unaozizunguka ili ngurumo za stima zisiingie kwenye sauti. Unalichuna ganda la nje kwa kisu kikali bila kuugusa ule wavu. Ukikata hata nyuzi tano za wavu umeanza vibaya, na utadanganya kwamba hukukata, na waya utakusemea siku ya harusi. Unausokota wavu uwe uzi wa tatu, unazipaka risasi ya kulehemia ncha zote tatu kabla ya kukutana na jeki, ndipo unalehemu, haraka na kwa moto wa kutosha. Risasi ikitulia inang'aa, sawa. Ikifanya ukungu na madonge kama uji uliopoa, umeunguza, anza tena na usinitazame mimi.

Hayo hata mwenye kitabu anayajua. Lisilo kitabuni ni kwamba waya haufi katikati. Unafia mlangoni, pale unapoingia kwenye jeki, kwa sababu ndipo unapokunjwa na kuvutwa. Jeki tulizoletewa zilikuwa za rahisi, na kibanio chake cha ndani kilikuwa hakibani hata karatasi. Fundi Kassim, akishalehemu, alichukua uzi wa nyavu, ule wa kijani, akauzungushia waya mara tisa shingoni, akapiga fundo la kwao, lile linalofunga wavu kwenye kamba ya juu, halafu mkia wa uzi akaupitisha kwenye tundu la jeki akafunga tena. Baada ya hapo anayevutwa ni uzi, wala ile risasi haina habari. Nilipomcheka, akaning'iniza ndoo ya maji darini kwa waya wa maikrofoni, Ijumaa. Jumatatu akaishusha, akachomeka ule waya, akasema "moja mbili" kwenye kipaza sauti na jiko zima likageuka. Sikucheka tena, angalau si mbele yake.

Lakini sura yake, jamani! Uzi wa kijani umetokeza shingoni, na juu yake tepu nyeusi aliyoizungusha kwa ukarimu, nayo kwa joto la Diani ikayeyuka ikatoa gundi, gundi ikashika mchanga, nywele, na siku moja nilikuta bawa la kumbikumbi. Nyaya zake zilifanya kazi miaka kumi bila kukohoa, na zilionekana kama vitu vilivyookotwa baada ya maji kupwa. Yeye hakujali. Nilipomwambia tungeweza kuzipendezesha kidogo alinijibu, "Rashidi, waya hauposwi."

Mimi nina maradhi ya unadhifu, siwezi kulala kitanda hakijatandikwa. Kulikuwa na bwana mmoja Ukunda aliyekuwa akifunga redio za magari, nikawa nakwenda kwake siku zangu za mapumziko, na kwake ndiko nilikojifunza kuzivisha nyaya nguo. Kuna soksi, ile nyeusi iliyosukwa, inayovutwa juu ya waya mzima ukawa kama umetoka kiwandani leo. Kuna mpira mwembamba unaosinyaa kwa moto, unaovishwa shingoni mwa jeki na kubana. Mwali wa kiberiti usiuguse, unaupitisha chini yake huku ukizungusha, kama unavyobabua kuku bila kumchoma ngozi. Nikitaka kumpendeza mtu, naongeza pete ya rangi kila ncha, nyekundu inayotoka na nyeupe inayoingia, na karatasi ya namba chini ya mpira unaoonyesha ndani. Mgeni akiiona hiyo namba anaamini kila kitu.

Na mkumbuke sheria ambayo kila mmoja wenu ataivunja: vyote vinavaliwa kabla ya kulehemu. Kofia ya jeki, mpira, soksi, vyote vipite kwanza kwenye waya. Hakuna fundi duniani ambaye hajamaliza pini zote tatu, kazi inang'aa, akajisifu kimoyomoyo, akainua macho na kuiona kofia ya jeki imekaa pale mezani. Hapo huna ujanja, unafumua yote. Fundi Kassim mwenyewe, na umri wake, alikuwa akiisahau mara moja kwa mwezi, na maneno aliyoyasema kwa Kidigo siyaandiki kwa kuwa mama zenu watasoma.

Tulikaa hivyo miaka mingi, yeye anatengeneza, mimi napanga spika na kubabaisha mbele ya wageni. Chache alizoniruhusu nilizivisha, zile za jukwaani. Nyingine zikabaki na tepu zao. Kisha akaja Kelvin.

Kelvin alikuwa kijana wa bara aliyepewa burudani yote ya hoteli, mwenye viatu vyeupe na haraka nyingi. Sikuwa na ugomvi naye, alikuwa mchapakazi, ila alikuwa haoni kitu mpaka kiwe kwenye boksi. Wiki moja tulikuwa na warsha ya wakubwa ukumbini, mchana kweupe, na mama mmoja mwenye pete nne alisogeza maikrofoni yake mezani, vidole vikanasa kwenye ile gundi ya tepu. Akafuta kwa kitambaa cha karatasi, kitambaa nacho kikanasa. Wenzake wakacheka. Kelvin hakucheka. Alikuja kibandani akiwa ameushika ule waya kwa ncha za vidole viwili.

Fundi Kassim hakuwapo. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki, naye alikuwa Bodo, angebaki huko hadi hitima isomwe. Kelvin akauvuta ule uzi wa kijani akaniuliza hii ni nini sasa, kwani hapa tunavua samaki. Akasema Jumatatu atapita kukagua, na hataki kuona waya wenye tepu wala kamba hotelini kwake. Akifika mlangoni akageuka akamalizia kwamba mwenye kuzitengeneza hizi za kienyeji atazibeba aende nazo nyumbani.

Nilikaa kwenye kile kiti cha Fundi. Mtu ana mabinti watatu, hana shamba, bahari imemkataa, na ametoka kuzika. Hoteli gani ingemchukua na miwani yake ya uzi? Nikaona ninayo njia ya kumwokoa, tena njia ninayoijua. Nitazivisha zote.

Zilikuwa nyaya arubaini na moja. Siku sita. Nilinunua soksi yote aliyokuwa nayo yule bwana wa Ukunda, na mpira ule mpana unaoweza kupita juu ya jeki nzima kisha ukasinyaa hadi shingoni, maana sikutaka kufumua hata risasi moja ya Fundi. Nilitoa tepu, nikafuta gundi kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Mafundo yake sikuyagusa. Niliyafunika tu, yakabaki kama uvimbe mdogo shingoni ambao jicho halioni. Mwisho nikapanga namba. Nilitaka namba ndefu, yenye heshima, na nyumbani iliyokuwa karibu ilikuwa ya mita ya stima ya mama mkwe wangu, basi nikaiandika hiyo, na kwenye kila waya nikabadilisha tarakimu mbili za mwisho. Nchi sikuandika.

Jumatatu Kelvin alipofungua mkoba wa nyaya aliupitisha waya mkononi, akasema sasa hii ndiyo kitu. Akaniuliza zimetoka wapi. Nikamjibu, "Zimefika, bosi." Na kwa hakika zilikuwa zimefika, kutoka kibandani hadi ukumbini, hatua thelathini. Nchi aliiweka mwenyewe. Kufikia saa sita mchana nilimsikia akimwambia mkuu wa jiko kwamba ni za Ujerumani, na kwamba kitu cha mzungu unakijua hata kwa kukishika. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya mitungi ya gesi. Nilikuwa nasubiri Fundi arudi nimsimulie tucheke wawili.

Alirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilikuwa nimepanga nimwone kabla hajafika kibandani, lakini Kelvin aliwahi. Tuliitwa ofisini pamoja, Fundi akakalishwa kwenye kiti, mimi nikasimama kando ya mlango. Kelvin akampa pole ya msiba, vizuri tu, kisha akaweka waya mmoja mezani. Akaeleza kwamba wiki nzima, warsha na harusi mbili, hakuna waya hata mmoja uliokwaruza. Nyaya za namna hii haziharibiki. Na zisipoharibika, hoteli haina haja ya mtu wa kuzitengeneza. Alisema yote hayo kwa upole, kama daktari, na akamalizia kwa kumsukumia Fundi ule waya autazame, ili, nadhani, asimwone yeye ni mkatili.

"Angalia mzee wangu," alimwambia, "siku hizi kazi inakaa hivi."

Fundi Kassim akauchukua. Hakuutazama sana, macho yake hayakuwa mazuri hata wakati ule. Aliupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, kutoka katikati kuja kwenye jeki, polepole, na alipofika shingoni gumba likasimama. Likaenda mbele, likarudi. Nililiona linahesabu. Mara tisa.

Akainua uso akanitazama. Ilikuwa zamu yangu kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, kwamba bosi, hizi ni zake, mimi nimezifunika tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikawaza Kelvin atajua nimemchezea, tutatoka wote wawili, na mke wangu ana mimba ya saba, nani atafaidika? Hesabu nzuri kabisa. Mwoga huwa hakosi hesabu.

Fundi akamgeukia Kelvin. "Kazi nzuri," akasema. "Aliyeufunga waya huu anajua kufunga. Mwambieni na huyo aliyeuvisha, awe akiuvua mara moja kwa mwaka auangalie, chumvi ya hapa haina adabu." Akauweka mezani, akashukuru, akatoka. Kelvin aliniambia baadaye kwamba yule mzee alikuwa na heshima sana, alikubali matokeo.

Kibanda kikafanywa stoo ya viti vya plastiki. Kelvin alihamia hoteli nyingine baada ya mwaka na kitu, akaondoka na nyaya sita kwenye sanduku lake. Mimi nikabaki na sifa; habari ya Ujerumani iliondoka naye, zikawa nyaya za Rashidi. Nilizivua kila mwaka kama nilivyoagizwa, nikafuta chumvi, nikazivisha upya. Mpya nilizitengeneza kwa fundo lilelile la Bodo, na ninyi mlipokuja nikawafundisha, tisa, fundo, mkia tunduni, fundo. Mnakumbuka mlivyoliita? Fundo la Rashidi. Nami nikaitika.

Nilikwenda Bodo wiki tatu baada ya yeye kuondoka, na kilo ya sukari mkononi, kutaka radhi. Alikuwa amekaa kibarazani anafungua redio ya msikiti. Nilimwambia yote, mpaka mita ya mama mkwe, na hapo akacheka kidogo, nikadhani yamekwisha. Kumbe bado. Aliniambia kinyongo hana, chakula cha kwake nitakula siku zote, lakini radhi ni kitu kingine. Kila mmoja wetu anajua haki ya mja haifutwi kwa swala wala kwa sukari, mpaka mwenyewe aseme nimekuachia. Akalisema hili bila kuacha kufungua skrubu:

"Mimi hukunikosea hapa Bodo. Ulinikosea mbele ya watu, kwa kunyamaza. Nenda kaseme mbele ya watu, palepale hotelini. Ukishasema, njoo."

Rahisi, si ndiyo? Nilirudi nimeazimia. Jumatatu Kelvin alikuwa na hasira ya jambo jingine. Wiki iliyofuata kulikuwa na wageni wengi. Alipohama Kelvin nikasema sasa nitamwambia nani, na huyu mpya hata Fundi hamjui. Kisha mkaja ninyi, mkanisifu, na sifa ni tamu, anayebisha hajasifiwa. Kila Idi nilikwenda Bodo. Nilikaribishwa kama mwana. Bi Mwanakombo, mkewe, alinipakulia wali wa nazi na samaki, na tukishanawa Fundi aliniuliza, sauti ileile ya kuulizia hali ya barabara, "Umesema?"

"Bado, Fundi."

"Haya, kula."

Miaka kumi na minne nimekula wali ule. Idi moja nilikuta ameugua kifua, analala ameegemezwa mito, na bado aliuliza. Nilirudi Diani sikupata usingizi siku tatu. Nilikuwa namwogopea asife, kisha najiuliza namwogopea yeye au naiogopea ile radhi nitakayoikosa. Nilimwombea afya kwa dua ndefu, na nusu ya dua ile ilikuwa yangu mwenyewe.

Basi mwezi uliopita mkaniaga. Mlikuwepo, mlikula keki iliyofanywa mfano wa spika, iliyoanza kuyeyuka kabla ya hotuba ya pili. Meneja mkuu, mama mwema yule, alisema kwamba nyaya zangu ni fahari ya hoteli na kwamba hata wataalamu kutoka nje hawakuamini zimetengenezwa kwa mkono. Nikapewa kipaza sauti. Na msidhani nilipata ushujaa ghafla. Barua ya kiinua mgongo ilikuwa imeshatiwa saini na iko mfukoni mwangu, naipapasa. Ushujaa wa namna hiyo hata kuku anao.

Nilisema. Nilisema nyaya zile si zangu, ni za Fundi Kassim Mwachambi wa Bodo, kwamba fundo ni la kwao, kwamba yeye aliachishwa kazi kwa sababu ya waya alioutengeneza yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Nikasubiri. Nilitegemea mtu ainamishe kichwa, mtu agune, mtu aniulize ulifanyaje jambo kama hilo.

Mlipiga makofi. Mlisimama kabisa. Mshereheshaji akapokea maiki akasema mmeona unyenyekevu wa wazee wetu, hata siku yake ya sifa anamtaja mwalimu wake, ukaanza muziki, na mmoja wenu, jina lake silitaji ila alikuwa na kipande cha keki, akanikumbatia akaniambia, "Mzee, umetutoa machozi." Nikarudi kukaa. Miaka kumi na minne ya kuogopa, na dhambi yenyewe ikashangiliwa.

Jumamosi nikaenda Bodo. Fundi Kassim sasa haoni, mtoto wa jicho amefunika yote mawili, lakini alinijua kwa hatua. Hakuningoja nikae.

"Umesema?"

"Nimesema."

Mikono yake ilikuwa magotini, na niliona vidole vinacheza.

"Wakafanyaje?"

"Walipiga makofi."

Alicheka mpaka kifua kikamshika, Bi Mwanakombo akatoka jikoni kuja kumgonga mgongo. Alipopata pumzi akapangusa machozi kwa ncha ya kikoi. "Basi hawakusikia," akasema. "Mtu akisikia jambo kama lile hapigi makofi. Umewasemea na kinanda na keki, wamesikia keki. Nenda kaandike, walisome mtu mmoja mmoja, pasipo muziki. Ukimaliza lete hapa, binti yangu anisomee, ndipo nitakwambia kama nimekuachia au la."

Nikamwambia nitaandika yote. Nikainuka, nikaaga, nikafika hadi mlangoni, akaniita.

"Na lile moja usiliruke. Siku ile nilipokutazama, sikuyaona macho yako. Uandike ulikuwa unatazama wapi."

Nilikuwa natazama feni ya darini, Fundi. Ilikuwa imezimwa.